Je, Ndugu Anayepaka Rangi Sanamu za Askari wa Kiyunani Anaabudu Sanamu?



Wiki hii nimepokea ujumbe mwingi kuliko kawaida, na karibu wote ulikuwa na picha moja. Wengi wenu mmeshaiona. Ni picha ya meza ya kijana wetu mmoja anayefanya kazi Kipungani. Juu ya meza hiyo kuna askari watatu wa kale wa Uyunani, kichwa na mabega tu, kila mmoja mkubwa kama ngumi ya mtu mzima, wamevaa kofia za vita za shaba zenye vishungi. Chini ya picha mtu ameandika maneno mazito kuhusu madhabahu na roho za mataifa. Picha ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na kufikia Alhamisi nikawa nimeombwa nimwondoe kijana huyo kwenye kinanda mpaka azitupe sanamu hizo baharini.

Amenipa ruhusa nieleze habari hii. Jina lake sitalitaja, anayemjua anamjua. Ninajibu wote hapa mara moja, na ninakuomba usome hadi mwisho kabla hujaandika "Amina" au jambo jingine lolote.

Kwanza tujue kitu chenyewe ni nini, maana wengi wanaokihukumu hawajakigusa. Kijana huyu ni fundi wa boti za faiba. Rezini ni kitu anachokishika kila siku. Boti ikipasuka ubavu, anachanganya rezini, anaweka kitambaa cha faiba, anasubiri igande. Hizo sanamu nazo ni za rezini ya ukoo huohuo, imemiminwa kwenye kalibu. Zinatengenezwa Ulaya na kuuzwa zikiwa vipande, hazina rangi: kichwa peke yake, kifua peke yake, kishungi peke yake. Kazi ya anayenunua ni kuunganisha na kupaka rangi. Duniani kuna watu wengi wenye kupumzika namna hii baada ya kazi, wakiwamo madaktari, madereva na wastaafu, kama vile wengine wanavyofuga njiwa.

Nilimwomba anionyeshe anavyofanya. Anaanza kwa kuviosha vipande kwa maji na sabuni ya vyombo, kwa sababu hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Kisha anasugua kwa msasa palipo na alama za maungio, tena msasa wa maji, na uso ameufunika kwa barakoa, kwa sababu vumbi la rezini likiingia kifuani ni madhara matupu. (Vijana wa boti, hilo liwaingie. Nimewaona mkisaga faiba mkiwa mmejifunga leso tu.) Anapaka rangi ya kwanza nyeusi, halafu nyeupe kwa juu, kama vile jua la saa sita linampiga yule askari utosini, ili ajue mapema mwanga utakaa wapi na kivuli kitakaa wapi. Baada ya hapo ngozi, tabaka baada ya tabaka, nyembamba kama maji ya chai. Macho anayaacha karibu na mwisho, na huyafanya asubuhi mkono ukiwa bado umetulia. Kofia ya shaba inaanzia kwenye rangi ya udongo, inapanda mpaka manjano, halafu kwenye mikunjo anaweka ule ukijani unaoota juu ya shaba ya zamani. Ukiwahi kuiona ile siwa ya shaba ya Lamu, utajua ninasema rangi gani.

Kichwa kimoja kinamchukua wiki tatu. Kwa hiyo tunazungumza habari ya vichwa vitatu katika muda wa miezi kadhaa. Hicho ndicho kiwanda cha miungu tulichotangaziwa.

Sasa tuje kwenye Neno, maana ndiko mlikonipeleka.

Shida moja iko kwenye lugha yetu. Kiswahili kina neno "sanamu", na neno hilo limebeba mzigo mkubwa peke yake. Kinyago cha mapambo ni sanamu. Mnara wa shujaa mjini Nairobi ni sanamu. Mungu wa uongo anayefukiziwa uvumba naye ni sanamu. Wazee wengine wa pwani hata picha ya kawaida wanaiita sanamu. Katika lugha za Biblia mambo hayo yana majina tofauti. Waebrania walikuwa na neno pesel kwa kitu kilichochongwa ili kiabudiwe, na neno tselem kwa sura au mfano, na hilo tselem ndilo linalotumika katika Mwanzo 1 Mungu anapomuumba mtu kwa mfano wake. Wayunani nao walitofautisha eidolon na eikon. Sasa Mkristo wa Kiswahili akisikia "sanamu", masikio yake yanakwenda moja kwa moja kwenye Kutoka 20, hata kama kinachozungumzwa ni mwanasesere wa mtoto.

Fungua hiyo Kutoka 20. Usisome mstari wa 4 ukafunga kitabu. Soma wa 4 na wa 5 pamoja, kwa sababu wa 5 ndio unaoeleza jambo linalokatazwa: kuviinamia vitu hivyo na kuvitumikia. Kama Mungu angekataza kila umbo la kiumbe, basi sura tano tu mbele asingemwagiza Musa atengeneze makerubi wawili wa dhahabu juu ya kiti cha rehema. Angalia Kutoka 25:18. Hekalu la Sulemani lilikuwa na ng'ombe kumi na wawili wa shaba wakibeba ile bahari ya kusubu, pamoja na simba na makerubi kwenye vitako. Hiyo ni 1 Wafalme 7. Na mtu wa kwanza ambaye Biblia inasema kwa wazi kwamba Mungu alimjaza Roho wake kwa ajili ya kazi hakuwa mhubiri. Alikuwa Besaleli, fundi wa dhahabu, shaba, mawe na mbao, katika Kutoka 31. Sisi Wapentekoste tunaopenda kuzungumza kujazwa Roho tungepaswa kuikumbuka sura hiyo mara nyingi zaidi.

Na kama unataka kuona kitu kizuri kikigeuka kuwa sanamu ya kuabudiwa, Biblia inao mfano. Nyoka wa shaba wa Hesabu 21 alitengenezwa kwa amri ya Mungu mwenyewe. Alikaa na Israeli mamia ya miaka. Tukifika 2 Wafalme 18:4, mfalme Hezekia anamvunja vipande vipande. Kwa nini? Shaba ilikuwa ileile, na umbo lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni kwamba watu walikuwa wameanza kumfukizia uvumba, na wamempa na jina, Nehushtani. Kwa hiyo swali letu la kwanza si kitu kina umbo gani, ni watu wanafanya nini mbele yake.

Isaya naye, sura ya 44, anamcheka yule mtu anayekata mti, nusu anapikia chakula na kuota moto, nusu anaichonga, kisha anaipigia magoti na kuiomba imwokoe. Wahenga wetu walisema jambo la jamaa hiyo waliposema kinyago nilichokichonga mwenyewe chanitisha. Sasa niambieni: katika picha ile, nani ametishwa na kinyago? Kijana aliyekipaka rangi analala vizuri. Waliotishwa ni sisi.

Kuna ndugu amenipeleka kwenye Matendo 19, kwa Demetrio mfua fedha wa Efeso. Ni hoja nzuri, na ninamshukuru, amesoma. Demetrio kweli alitengeneza vitu vidogo vya kuwekwa mezani. Lakini yeye alitengeneza vihekalu vya Artemi kwa watu waliomwogopa Artemi, na mkate wake ulitegemea hofu hiyo iendelee. Ndiyo maana Injili ilipoingia mjini alipiga kelele. Askari wa rezini hana kuhani, hana sikukuu, hana hekalu, hana anayemwekea nadhiri.

Nitasema jambo litakalowakera baadhi yenu. Nimekaribishwa kwenye nyumba nyingi za washirika wetu, Mokowe, Hindi, Mpeketoni, mpaka Malindi. Katika sebule nyingi, pembeni ya televisheni, kuna moran wa mbao mwenye mkuki na ngao. Kazi hiyo ya kuchonga ilienea kutoka Wamunyu, Ukambani, na anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Mutisya Munge, aliyerudi na ujuzi huo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo inalisha familia nyingi, na wengi wao ni waumini wenzetu. Hakuna aliyewahi kuniandikia usiku wa manane kuhusu yule moran. Kama shujaa wa Kimasai wa mbao ni pambo, kwa sheria gani shujaa wa Kiyunani wa rezini ni pepo? Kwa sababu ametoka mbali? Au kwa sababu kijana mwenyewe ni mpole na hana wa kumtetea?

Sisemi kwamba kila umbo ni pambo. Jirani zetu Wamijikenda wana vigango, nguzo zilizochongwa kwa ajili ya waliokufa, na hizo zina mahali pake, heshima yake na maneno yake. Mkristo aliyetoka kwenye desturi hiyo anajua kwamba pale kuna mazungumzo na marehemu, na ana sababu ya kujitenga nayo. Lakini hata huko kazi yetu si kuvunja mali ya wengine. Vigango vingi vimeshaibwa vya kutosha na wafanyabiashara na kuuzwa ng'ambo.

Na Paulo je? Matendo 17 inasema roho yake ilichukizwa alipouona mji wa Athene umejaa sanamu. Hapo hakuna ubishi, zile zilikuwa za kuabudiwa. Tena usifikiri aliona mawe meupe kama tunavyoyaona kwenye picha za vitabu. Sanamu za marumaru za Wayunani zilipakwa rangi: nywele, midomo, macho, nguo. Rangi zilififia kwa karne nyingi ardhini na juani, baadaye wazungu wakadhani weupe ndio uliokuwa uzuri wake. Mwaka 2003 huko Munich, Ujerumani, mtaalamu Vinzenz Brinkmann na wenzake walionyesha nakala zilizorudishiwa rangi zake. Mojawapo ni mpiga upinde wa hekalu la Afaia, kisiwani Aegina, amevaa suruali yenye mapambo ya rangi kali kama kitenge cha harusi. Kwa hiyo macho yaliyomtazama Paulo barabarani yalikuwa yamepakwa rangi na mafundi. Naye alifanya nini? Alitembea, akaziangalia kwa makini, akasoma mpaka maandishi ya madhabahu, kisha akaenda kuhubiri akianzia hapo hapo. Hatusomi kwamba alibeba hata moja akaitupa bandarini Pirea.

Hayo ndiyo ya sheria. Sasa nije kwenye jambo zito zaidi, ambalo katika kelele zote za wiki hii sikuona mtu akiligusa.

Mama yake kijana huyu hataki sanamu hizo ndani ya nyumba yake. Watu wamelichukua neno lake na kulifanya ushahidi: hata mama amepambanua roho! Nilikwenda kuzungumza naye. Mama huyu alikuwa Mpeketoni usiku wa tarehe 15 Juni 2014. Sihitaji kuwasimulia watu wa Lamu usiku ule, makumi ya watu waliuawa na wengi wenu mna majina moyoni. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kilichomsumbua ni macho. Kofia zile zimefunika uso wote, zimeacha matundu mawili na mdomo. Alisema, "Pasta, mimi sitaki kuamka usiku nikakutana na mwanamume aliyefunika uso."

Wapendwa, huyo haitaji kukemewa, na wala asitumiwe kama fimbo ya kumchapia mwanawe. Hofu yake ina tarehe na ina mahali. Anahitaji mtu wa kukaa naye, na dada wawili wa kanisa wameanza kwenda kwake kila Jumanne. Kijana naye alipoelewa, alizitoa sanamu zote kwa mama siku hiyohiyo, akazihamishia kwenye chumba chake cha kazi Kipungani. Hakungoja kikao. Paulo katika 1 Wakorintho 8 anasema wazi kwamba sanamu si kitu, kisha anakaa sura nzima akisema uhuru wako usimkwaze mwenzako. Kijana huyu hakuwa ameisoma sura hiyo kwa ajili ya jambo hili, lakini aliitenda.

Nilimfuata Kipungani wiki iliyopita, tukipita kwenye mikoko wakati maji yamejaa. Kwa wasiopajua, ni kijiji cha upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, na kinajulikana kwa ususi. Kina mama wanakaa kivulini, mikono inasuka ukili huku mazungumzo yanaendelea, baadaye ukili unashonwa kuwa mkeka. Wengine wanasuka vikapu na vipepeo, na miaa wanaichemsha kwenye rangi kabla ya kusuka. Niliwatazama nikafikiri: hapa hakuna mtu anayeuliza kwa nini mtu mzima anatumia saa nyingi kuweka rangi mahali pake. (Wako vijana wetu ambao mkeka pekee wanaoujua ni ule wa kubashiri mechi. Kwa hao sijaletewa picha yoyote.)

Lakini Kipungani ni kijiji cha Waislamu, na sisi ni wageni tuliopokewa vizuri. Kwa majirani zetu, kutengeneza sura ya kiumbe chenye roho ni jambo zito kuliko hata kwetu. Tazama milango ya Lamu na plasta za nyumba za kale: maua, minyororo, majani, nyota, wala huoni uso wa mtu. Ufundi ule mkubwa haukukosa uwezo wa kuchonga uso, ulichagua kutochonga. Mzee mmoja jirani yake, anayechonga majahazi madogo ya mapambo, alinikaribisha kahawa akaniambia kijana hana neno, ni mtu wa heshima, ila sura za watu si kazi ya kufanyia barazani. Nikakubaliana naye. Tumepatana kwamba kazi ile itafanyika ndani, mlango umefungwa, na picha zake hazitawekwa mahali pa kuudhi wenyeji. Naye ameomba mzee amfundishe jahazi dogo, kwa hiyo msishangae mkiona picha nyingine hivi karibuni.

Kijana mwenyewe naye nilimuuliza maswali, maana kumtetea mtu hakumaanishi kumwachia.

Neno letu "uraibu" lina hatari nzuri ndani yake. Shuleni tulifundishwa kwamba uraibu ni jambo unalolipenda wakati wa mapumziko. Lakini ni neno hilohilo tunalotumia kwa mtu aliyeshikwa na miraa au pombe. Mpaka kati ya hayo mawili hauna ukuta. Nilimuuliza analala saa ngapi. Akasema siku nyingine saa nane za usiku. Nikamwambia hapo pana tatizo, kwa sababu asubuhi anashika mashine ya kusaga juu ya boti. Nilimuuliza gharama. Sanamu moja pamoja na usafiri inamgharimu karibu shilingi elfu sita, na anaagiza moja baada ya kumaliza nyingine, akiwa ameshalipa kodi na kumpa mama yake sehemu yake. Sina neno. Angekuwa na sanamu kumi kwenye maboksi ambazo hajazigusa, na bado anaagiza, ningempeleka Wakolosai 3:5, ambapo Paulo anautaja uchoyo kuwa ndio ibada ya sanamu. Hapo ndipo rezini ingekuwa mungu, na isingehitaji hata kuwa na uso. Simu yako inaweza kufika hapo. Kiwanja chako pia.

Aliniambia jambo jingine lililonipendeza. Rafiki mmoja alimshauri achukue sanamu aliyonunua, atengeneze kalibu ya silikoni, amimine nakala kwa rezini ya karakana na kuwauzia watalii Shela. Uwezo anao. Akakataa, kwa sababu yule aliyechonga ya kwanza anakula kwa kazi hiyo, na kunakili bila ruhusa ni wizi. Ni wangapi kati yetu tunaotumiana filamu na vitabu vya wizi kwenye kundi la kanisa?

Mwisho nilimuuliza kwa nini askari hawa na si wengine. Alianza, kama wengi, kwa filamu ile ya "300" ya mwaka 2006: Leonidas wa Sparta na watu wake mia tatu wakizuia jeshi la Waajemi pale Thermopylae mwaka 480 KK. Nikamwambia filamu imeficha mengi. Hawakuwa mia tatu peke yao, walikuwapo maelfu ya Wayunani wengine, na watu 700 wa Thespiae waliobaki mpaka mwisho. Tena Sparta iliyosifiwa kwa uhuru ilisimama juu ya migongo ya Waheloti, watu waliotawaliwa na kulimishwa kama watumwa. Ukimpaka rangi Mspartani vizuri, kumbuka aliyelima chakula chake.

Lakini kuna jambo ambalo hakulijua, na macho yake yalifunguka nilipomwambia. Mfalme wa Uajemi aliyekuja na jeshi lile ni Xerxes, na wataalamu wengi wa Biblia wanamtambua kuwa ndiye Ahasuero wa kitabu cha Esta. Angalia miaka. Karamu kubwa ya Esta 1 ilifanyika mwaka wa tatu wa kutawala kwake. Esta anaingizwa kwa mfalme mwaka wa saba, sura ya 2 mstari wa 16. Katikati hapo ndipo ilipo vita ya Uyunani. Kwa hiyo mfalme aliyemvika Esta taji ni mtu aliyekuwa ametoka kushindwa na watu waliovaa kofia kama hizo zilizo mezani Kipungani. Kijana alikaa kimya, kisha akaomba Biblia.

Nikaendelea. Unajua Paulo anaposema tuvae silaha zote za Mungu, Waefeso 6, neno la Kiyunani ni panoplia. Hilo ni neno la vita: vifaa kamili vya hoplites, askari wa miguu wa Kiyunani, yule yule anayempaka rangi. Ila ngao anayoitaja Paulo si ile ya duara ya Mspartani. Anasema thureos, ngao ndefu kama ile waliyobeba Warumi wa siku zake, na jina lake linatokana na thura, yaani mlango. Ngao kubwa kama mlango. Mtu wa Lamu hahitaji mahubiri marefu kuuelewa mlango mzito wa mbao uliofungwa vizuri.

Na ile ngao ya duara nayo ina funzo lake. Ilikuwa na upana wa karibu sentimita 90, imeshikwa mkono wa kushoto, na nusu yake ilimfunika mtu wa kushoto kwako kuliko ilivyokufunika wewe. Mwanahistoria Thucydides aliandika kwamba jeshi la namna hiyo likitembea lilikuwa linasogea kulia kidogo kidogo, kwa sababu kila mtu alijibanza kwenye ngao ya jirani yake. Ukiiangusha yako, hukufa wewe kwanza. Alikufa aliyesimama kando yako.

Wiki hii kuna watu walioangusha ngao kando ya kijana wa miaka ishirini na nne. Picha ya chumbani kwake ilipigwa bila ruhusa na ikasambazwa na watu wanaomwita ndugu. Aliyeipiga ninamjua, na tumezungumza. Waliobaki, naomba muifute kwenye simu zenu leo, na msimamizi wa kila kundi aifute kwenye kundi lake. Wale mlioandika maneno ya madhabahu na roho, mwandikieni yeye, si mimi.

Jumatano saa kumi na moja jioni tutasoma Waefeso 6 mstari kwa mstari, na nimemwomba aje na askari mmoja ili tuone kofia, dirii na mikanda kwa macho. Atakuja na ambaye kofia yake imesukumwa juu na uso uko wazi, kwa sababu mama yake amesema huyo anaweza kumtazama. Wa Kipungani, mkumbuke maji yatakuwa yanatoka, kwa hiyo boti iondoke mapema. Jumapili kinandani ni yeyeyule, na mazoezi ya kwaya ni Jumamosi saa tisa.

Mbarikiwe.